Kilio Kilichouzwa Mara Mbili

Jumanne, tarehe 9 Aprili. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mji kama shuka lililoloa, na mvua nyembamba ilikuwa inanyesha bila haraka.

Pikipiki ya Yamaha ilikuwa inapanda kilima kama iliyopagawa.

Nyuma yake, Land Cruiser nyeusi.

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni. Ya pili ilipita karibu na sikio. Sindano hakugeuka. Alikata kona, akazima taa, akajitupa mtaroni pamoja na pikipiki yake. Land Cruiser ilipita ikinguruma, ikamezwa na ukungu.

Aliinuka akiwa na tope hadi shingoni.

"Ahsante, Mungu wangu," alisema akitazama juu. Kisha akajitazama. "Ila suruali ilikuwa mpya."

Redio ya Motorola ilikoroma kiunoni.

"Sindano. Shati limechanika mabegani. Narudia, mabegani."

Alikuwa Mkuu wa Idara ya Usalama, bosi wake. Maneno hayo yalikuwa na maana moja tu. Kituo cha kurushia matangazo, kule kileleni, kilikuwa kimetekwa.

"Waliochana shati nimeshakutana nao," alijibu. "Nani kawatuma?"

"Yule mgeni muuza silaha, tunayemwita Miwani. Taarifa ya habari ya saa nne itakuwa yake. Anataka kutangaza mauaji ambayo hayajatokea, ili yatokee."

"Mauaji ya wapi?"

Mkuu alishusha sauti.

"Mtaa wa kiwanda cha sabuni."

Huo ulikuwa mtaa wa mama yake.

Ulikuwa pia mtaa wa mwisho ambako watu wa mlimani na watu wa bondeni walikuwa bado wanapanga nyumba moja. Kwingineko walikuwa wamekwisha kuhamana. Askari walikuwa wamegawana kambi, walimu wamegawana shule, na asubuhi hiyo hiyo wabunge walikuwa wanapiga kura ya kuigawa nchi yenyewe.

"Niletee watu, Mkuu."

"Watu gani? Wa mlimani hawapandi gari moja na wa bondeni. Hapa ofisini wanagombania viti. Kesho sijui kama nitakuwa mkuu wako."

"Leo bado wewe ni mkuu wangu. Niombee."

Alitoa simu yake, Nokia ndogo ya vitufe, akapiga nyumbani.

"Mama, toka hapo sasa hivi."

"Shikamoo umeisahau wapi?"

"Shikamoo, Mama. Toka."

"Marahaba. Nitoke niende wapi? Kwa watu wangu wa mlimani nitaitwa mke wa mtu wa bondeni. Kwa watu wa marehemu baba yako nitaitwa mwanamke wa mlimani. Au unataka wanigawe kwa msumeno?"

"Mama, watakuja kuua."

"Waje. Majirani wote tumekaa barazani, hatoki mtu. Wewe fanya kazi yako. Na ujifunike kichwa, mvua inanyesha."

Simu ikakatika.

Sindano aliikagua Beretta yake, akaanza kupanda kwa miguu.

Uzio wa kituo aliukata kwa koleo. Alichokiona uani kilimshangaza. Langoni walisimama wanamgambo wa mlimani, wakiongozwa na Ndevu, mtu ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa kila kituo cha polisi. Penye jenereta walisimama wanamgambo wa bondeni, na mkubwa wao alikuwa Kofia. Maadui wa kuapizana, ndani ya uzio mmoja, wamepeana migongo.

Wanafanya nini pamoja?

Alifumba macho kwa pumzi moja. "Mola, mikono ni yangu, njia ni yako." Akaingia kwa dirisha la nyuma.

Katika chumba cha mitambo, fundi alikuwa amefungwa kwenye kiti, mdomo umezibwa kwa karatasi ya gundi. Sindano aliibandua polepole.

"Dada, taarifa ziko mbili," fundi alinong'ona. "Kwenye hiyo kompyuta. Moja ya masafa ya mlimani, nyingine ya masafa ya bondeni."

Sindano alivaa visikizi masikioni. Lugha ya mama yake ilisema kwamba watu wa bondeni wamewachinja watu wa mlimani katika mtaa wa kiwanda cha sabuni. Kikafuata kilio cha mwanamke, kikakatizwa na kikohozi, kikaendelea.

Akafungua ya pili. Lugha ya baba yake ilisema kwamba watu wa mlimani wamewachinja watu wa bondeni.

Kikafuata kilio kile kile. Kikohozi kile kile.

"Kila kundi limesikilizishwa ya kwake tu, likaamini mgeni yuko upande wake," alisema fundi. "Na amewakataza kusemezana. Anasema hata wangesikia ya wenzao, wasingeambulia kitu. Bungeni si wanatumia wakalimani?"

Sindano nusura acheke.

Wabunge wale walikulia sokoni pamoja, wakitukanana kwa lugha zote mbili. Tangu ugomvi uanze, kila mmoja alikuwa anavaa visikizi bungeni na kumsubiri mkalimani, ili ajulikane kwamba hana undugu na mwenzake. Maigizo matupu. Kila mwananchi alilijua hilo.

Miwani aliyaona kwenye televisheni. Akayaamini.

"Vipaza sauti vya uani vinafanya kazi?"

"Vya kuitia madereva? Sana."

Mlango ulifunguka. Miwani alisimama hapo na Glock yenye kiwambo cha sauti.

"Toa mkono kwenye kompyuta, binti. Nchi yenu imekufa. Mimi naizika tu."

"Mchimba kaburi gani huyu anayemchinja mgonjwa?"

Sindano alikisukuma kwa teke kiti kitupu chenye magurudumu. Kiti kikamgonga Miwani magotini, risasi ikapasua taa ya darini. Sindano alimpiga kifundo cha mkono kwa kitako cha Beretta. Glock ikaanguka.

Kidole cha Sindano kikabonyeza kitufe cha vipaza sauti.

Uani, vipaza sauti viliunguruma. Tangazo la mlimani, kisha kilio. Tangazo la bondeni, kisha kilio.

Wanamgambo waligeuka, wakatazamana.

"We Kofia!" Ndevu aliita kutoka langoni. "Umesikia?"

"Nimesikia. Kwani wewe umeelewa?"

"Kila neno. Mke wangu ni wa kwenu, bwana. Ulidhani nyumbani tunaongea kwa mikono?"

"Huyo mama anayelia ni wenu au wetu?"

"Ni wa dukani. Huyu mgeni katuuzia sote."

Miwani alirukia dirishani, akatua uani kwa magoti. Alipoinua kichwa, bunduki za pande zote mbili zilikuwa zinamtazama yeye peke yake.

"Asiguswe!" Sindano alipaza sauti akitoka mlangoni. "Anakwenda mahakamani. Nataka awataje waliomleta, wa mlimani na wa bondeni."

Ndevu alisaga meno, lakini alishusha bunduki. Kofia alivua mkanda wake, akamfunga mgeni mikono.

Saa nne, fundi, akiwa ameshafunguliwa kamba, alisoma habari kwa lugha zote mbili. Mtaa wa kiwanda cha sabuni ulikuwa salama. Wakazi wake walikuwa wamekaa barazani.

Redio ya kiunoni ilikoroma tena.

"Sindano, kazi nzuri. Lakini kura imepita." Sauti ya Mkuu ilikuwa nzito. "Tumegawanyika. Mpaka unaanza kuchorwa leo."

Wote waliisikia. Polepole, watu wa Ndevu walijisogeza upande mmoja, watu wa Kofia upande mwingine. Vidole vilirudi kwenye bunduki.

Sindano alirudisha Beretta kiunoni, akapita katikati yao kama mtu anayekwenda sokoni, akaelekea langoni.

"Dada!" Kofia alimwita. "Sasa wewe uko upande gani?"

Alisimama. Akageuka, mvua ikimchuruzika usoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Nawaahidi mbele yenu nyote, na Mungu ananisikia. Mpaka wenu hautapita sebuleni kwa mama yangu. Atakayekuja kuuchora pale, awe wa mlimani, awe wa bondeni, awe mgeni, atanikuta nimesimama mlangoni."