Gauni la Memsahibu Lilivyonimaliza

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na saba na meno ya mbele sina tena. Nikicheka naziba mdomo kwa leso. Lakini siku hizi nicheke nini...?

Kwetu ni Maragoli. Mume wangu alikuwa karani kwenye shamba la mzungu huko Kapseret, karibu na Eldoret. Alinioa kwa ng'ombe, nikanenepa, nikamzalia binti, Kageha. Watu wakiniona walimsifu yeye: karani anajua kutunza mke!

Sasa, kanisani kwetu aliyeoa kwa ng'ombe tu hakufanywa mzee wa kanisa mpaka afunge ndoa ya pete. Mume wangu alikitamani hicho cheo vibaya sana. Memsahibu, mke wa yule mzungu, alipompa gauni lake la harusi la zamani, akaja nalo nyumbani kama amebeba yai.

Jameni, kiuno cha lile gauni! Lilikwama mabegani. Nikasema tulipeleke mjini kwa fundi Mhindi alifungue pembeni, aongeze kitambaa. Akakataa katakata. Eti gauni la mzungu halikatwi, kitakachopunguzwa ni mwili wangu.

Alikuwa amemwona memsahibu barazani akila matunda ili apunguze mwili. Basi akaamuru nami nile matunda matupu. Ugali marufuku, maziwa marufuku, hata uji! Na mimi nanyonyesha! Akawa ananiletea plamu na mapichi yaliyoanguka bustanini, mengine machanga, makali kuliko ndimu. Nikala. Nilimpenda, mlitaka nifanyeje?

Nilikonda, ndiyo. Lakini tumbo likaendesha, nywele zikatoka na kitana, meno yakawa yanauma hata yakiguswa na maji. Halafu maziwa yakakauka... Kageha alivuta titi, hakupata kitu, akalia mpaka sauti ikaisha. Nikamwomba baba yake anionee huruma, anipe uji tu. Akanivalisha gauni, akavuta vifungo.

"Bado mgongoni," akasema. "Vumilia."

Siku vifungo vilipofungika, nilianguka nikiwa nimelivaa. Na ndiyo siku mama mkwe alifika kwa ajili ya harusi. Alitazama mifupa ya shingo yangu, akamchukua Kageha, akasema nina kifua kikuu, nisimguse mtoto tena.

Nikamgeukia mume wangu. Yeye ndiye aliyejua! Neno moja tu lingeniokoa. Akatazama chini.

"Mama," akasema, "hata mimi nimekuwa nikishuku."

Ule unyama sitausahau mpaka nife. Nilirudishwa kwetu bila mtoto. Mama yangu akanilisha uji wa wimbi na maziwa, nguvu zikarudi kidogo kidogo. Daktari akanipima kifua, akakuta ni kizima. Nikasafiri kwenda kumchukua mwanangu, na moyo wangu umejaa furaha, mjinga mimi!

Nilikuta harusi. Bibi harusi alikuwa binti mmoja aliyelelewa Cheptiret, mnene, mashavu yamejaa. Alikuwa amevaa lile gauni. Kutoka kwapani mpaka chini lilikuwa limefunguliwa pande zote mbili, likaongezwa kitambaa kipana. Kumbe linakatwa!

Nikamnyooshea Kageha mikono. Akaniogopa, akaficha uso kwenye shingo ya yule bibi harusi, akamwita mama. Wazee wakaniambia mtoto ni wa baba yake, kwa kuwa ndiye aliyetoa ng'ombe, niende kwa amani. Amani gani...?

Dada zangu, nawasihi, msipite njia yangu. Tunda ni zuri ukishakula chakula, lakini ukiishi kwa matunda peke yake utajimaliza, na anayenyonya kwako atamalizika pamoja nawe. Nguo ikikukataa, ipeleke kwa fundi. Na mwanamume akikataa isikatwe, rudi kwenu mapema, ukiwa bado una nguvu za kumbeba mtoto wako.

Naandika haya nikiloweka muhogo kwenye chai, kwa sababu kutafuna siwezi.