Kiti cha Wa Nane

Nilikuwepo. Anayebisha akaliulize toroli la mashuka nililokuwa nikilisukuma, maana nalo lilikuwepo, na halijawahi kusema uongo.

Mahali penyewe ni kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Nyuma ya kioo, akiitazama mashine ya pasi, alikaa mwanamke tuliyemwita Mama Zamu, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga nani aingie lini. Kompyuta yake ilikuwa na programu: huku kazi inayotakiwa, huku watu waliopo na saa walizopangiwa. Vikilingana, kijani. Visipolingana, nyekundu, na meneja anapiga simu kabla chai haijashuka kooni.

Wiki ile kazi ilitaka watu wanane, naye alikuwa na saba. Akafanya wafanyavyo wapangaji wa zamu, hata wakiapa hawafanyi: akaandika mtu asiyekuwepo. "Wa Nane," saa arobaini. Skrini ikawa kijani, meneja akanyamaza.

Jumatatu mchana likaonekana rundo moja la ziada, mbele ya kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Mashuka yamekunjwa kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Yalikuwa ya baridi, ingawa yametoka kwenye pasi sasa hivi, na yalinuka kuni zilizozimwa kwa maji.

"Nani kakunja haya?" akauliza Mama Zamu.

"Si ni huyo Wa Nane wako wa kwenye skrini," akacheka mdogo wake wa kike, kitindamimba aliyemlea mwenyewe na kumwingiza kazini. "Angalau tumepata mmoja asiyeomba ruhusa ya misiba."

Jumanne Wa Nane alikuwa na saa hamsini. Hakuna aliyemwongeza. Mdogo wake, aliyekuwa na arobaini, alibaki na thelathini. Jumatano, sitini kwa ishirini, na siku hiyo mashine ya mahudhurio ikakikataa kidole cha binti. Akakipangusa kwa aproni, akajaribu tena mpaka mara tatu.

"Dada, hebu nishike mkono."

Ulikuwa wa baridi kama yale mashuka. Ncha za vidole zilikuwa laini kama sahani, hazina mstari hata mmoja.

"Umekula?"

"Nimekula. Dada, nikivuta shuka, kuna mtu anavuta upande wa pili. Naogopa kuangalia."

Mama Zamu akajaribu kumfuta Wa Nane. Programu ikakataa: mwenye saa hafutwi mpaka saa zake zipate wa kuzibeba.

Alhamisi, binti akiwa amebakiwa na saa kumi, mganga akaingizwa ofisini kwa mlango wa nyuma. Akavuta kile kiti cha nane, kilichohamishiwa humo kwa kuwa hakuna aliyetaka kukaa karibu nacho. Akakaa.

"Ulimpa kazi?"

"Sikumpa kazi, baba. Nilimpa saa tu."

"Nani mwenye saa asiye na kazi?" Sauti ikashuka. "Huyu hakuvamia, mwanangu. Alikaribishwa. Wa kukaribishwa hatoki kwa kelele wala kwa moshi. Mwachishe kazi kama ulivyomwajiri. Ukiulizwa nani atabeba saa zake, weka jina lako. Haraka, usisome maandishi ya chini."

"Yana nini?"

"Unamtaka mdogo wako, au unataka kusoma?"

Akabonyeza kufuta, na programu ikauliza nani atabeba saa sabini, na alipoinua macho aone kupitia kioo akamwona mdogo wake ameshika ncha mbili za shuka, na ncha mbili za upande wa pili zimekaza hewani, zimebonyea kama zimeshikwa na vidole, zikivuta taratibu bila haraka ya mtu mwenye wasiwasi, na miguu ya binti ikiteleza kwenye sakafu yenye maji, hatua kwa hatua, kuelekea kwenye roli za pasi zinazozunguka na kutoa mvuke, ndipo Mama Zamu akaandika jina lake mwenyewe, akikosea herufi na kurudia, akabonyeza.

Shuka likaanguka.

Ijumaa kidole cha binti kikakubaliwa kwa jaribio la kwanza. Saa zake arobaini, mkono wake wa moto. Wa Nane hayumo. Tulikunywa chai tukacheka. Yale maandishi ya chini nilikuja kuyasoma mimi, na darasa langu hili la nusu: nafasi hubaki, jina ndilo hubadilika.

Jumatatu mvua ilimchelewesha Mama Zamu. Aliingia saa nne, mwavuli ukichuruzika. Mdogo wake aligeuka kutoka kwenye pasi, ncha za shuka mkononi, na uso ukambadilika.

"Dada," akasema polepole, "kama wewe unaingia sasa hivi, huyu niliyekunja naye tangu asubuhi ni nani?"

Shuka lilikuwa limevutwa wima, limemficha wa upande wa pili. Chini yake vilionekana viatu vya Mama Zamu, vikavu.

Haya, mimi si mtu wa kuficha. Jambo moja nimelitunga: mganga. Hakuja mganga yeyote. Alhamisi ile nilipita na toroli langu, nikamwona Mama Zamu ofisini anaongea kwa adabu na kiti kitupu, anakiita baba. Majibu niliyasikia mwenyewe, neno kwa neno, kama nilivyoyaandika.