Mpishi Aliyetembea Kichwa Chini

Sogeeni karibu. Kaeni vizuri. Leo namleta kwenu Wakio.

Wakio alikuwa msichana wa darasa la pili. Shule yake ilikuwa juu mlimani, kule Taita, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kubisha hodi.

Wakio alipenda kutazama. Kusema, hapana! Sauti yake ilikuwa ndogo mno. Hata yeye mwenyewe aliisikia kwa shida.

Siku moja gari jeupe lilipanda mlima. Ngurrr, ngurrr, ngurrr! Likasimama uwanjani. Fyuuu!

Wakashuka wageni wawili kutoka chuo kikuu. Mmoja alikuwa Daktari Chelagat, mama mwenye miwani. Wa pili alikuwa mwanafunzi wake, Kaka Odera, mrefu kama mlingoti wa bendera.

"Daktari!" Righa, mwanafunzi mwenzake, akamnong'oneza Wakio. "Amekuja na sindano?"

Daktari Chelagat akasikia. Akacheka.

"Mimi sidungi mtu sindano," akasema. "Mimi ni daktari wa fizikia. Kazi yangu ni kuuliza maswali. Kwa nini jiwe huanguka? Kwa nini upinde wa mvua una rangi?"

Watoto wakatazamana. Hawakujua kwamba kuuliza maswali ni kazi.

"Nimewaletea taa ya ajabu," Daktari akaendelea. "Lakini taa yangu inataka giza. Mtanisaidia kutengeneza giza?"

"Ndiyooo!"

Wakafunga madirisha. Wakatundika mablanketi. Wakafunga na mlango. Kriiik, tap!

Giza.

"Uuuuu!" watoto wakasema.

Wakio alikuwa ameketi nyuma kabisa, kwenye dawati la mwisho. Watoto wote walitazama mbele, kwenye taa. Wakio peke yake akageuka nyuma.

Nyuma yake palikuwa na ukuta mweupe. Na ukutani palikuwa na kitu.

Rangi! Bluu kule chini. Kijani kule juu. Na katikati, kitu chekundu. Kitu chekundu kilikuwa kinatembea.

Wakio akakaza macho. Macho yakazoea giza. Alikuwa Mzee Mwachofi, mpishi wa shule, amevaa aproni yake nyekundu.

Lakini alikuwa kichwa chini, miguu juu!

Alikuwa amebeba ndoo ya maji, na maji hayakumwagika. Moshi wa jikoni haukupanda. Ulishuka. Kuku watatu walikuwa wakidonoa, wananing'inia kama popo.

Moyo wa Wakio ukapiga. Du-du. Du-du. Du-du.

Wakio akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akaufunga.

Kule mbele, Kaka Odera akasema, "Daktari, mlango una tundu. Ni dogo kama punje ya mahindi, lakini linaingiza mwanga."

"Basi lizibe," Daktari akajibu.

Kaka Odera akaweka kidole kwenye tundu. Pap! Ukuta ukawa mweusi. Mzee Mwachofi hayupo. Ndoo haipo. Kuku hawapo.

Kaka Odera akaondoa kidole ili atafute karatasi. Wote wakarudi! Kichwa chini, miguu juu.

Wakio akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Akaufunga.

Kaka Odera akapata karatasi. Akaifinyanga, finya finya finya, ikawa kidonge kidogo. Akaenda mlangoni. Hatua moja. Hatua mbili.

Wakio akatazama ukuta. Akiziba, kila kitu kitaondoka. Na hakuna mwingine aliyekiona. Hakuna hata mmoja!

Wakio akafungua mdomo.

"USIZIBE!"

Vichwa vyote vikageuka nyuma, kumtazama yule aliyepiga kelele.

Na ndipo walipouona ukuta.

"Haaaa!"

"Ni Mzee Mwachofi!"

"Mbona yuko hivyo?"

"Nani anaonyesha sinema?" Righa akauliza.

Daktari Chelagat akaja polepole mpaka nyuma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akaketi sakafuni kando ya Wakio, na gauni lake zuri.

Akautazama ukuta muda mrefu. Watoto nao wakautazama. Ukutani, majani ya miti yalikuwa yanacheza.

"Nimesoma habari za jambo hili tangu nikiwa msichana," Daktari akasema, kwa sauti ya chini. "Lakini sijawahi kukaa ndani yake. Jina lako nani?"

"Wakio."

"Wakio, una swali?"

Wakio alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa kifuani.

"Kwa nini yuko kichwa chini?"

"Ahaa," Daktari akasema. "Tulifikirie pamoja. Mwanga ukisafiri hewani, huenda moja kwa moja. Haupindi kona. Semeni!"

"Moja kwa moja! Haupindi kona!"

"Mwanga kutoka kichwani kwa Mzee Mwachofi unatoka juu. Unashuka, unapita kwenye tundu, unaendelea kushuka. Unafika wapi?"

"Chini!" wakasema watoto.

"Na mwanga kutoka miguuni kwake?"

Wakio akanyoosha kidole gizani. Akakipandisha. Akakipitisha kwenye tundu la kuwazia tu. Akaendelea kukipandisha.

"Unatoka chini," akasema. "Unapanda. Unapita kwenye tundu. Unaendelea kupanda. Unafika... juu!"

"Kichwa chini, miguu juu!" darasa likaimba. "Moja kwa moja! Haupindi kona!"

"Taa yetu je?" Kaka Odera akauliza.

"Taa itangoja," Daktari akasema. "Leo jua linafundisha."

Watoto wakatoka nje, wanne wanne. Wakaruka mbele ya mlango. Ndani, ukutani, waliruka kuelekea sakafuni. Righa akapiga saluti kichwa chini. Mzee Mwachofi akauliza kuna nini, akaambiwa, akacheza ngoma kidogo na mwiko wake. Watoto wakacheka mpaka wakashika matumbo.

Mara picha ikaanza kufifia. Nyekundu ikafa. Bluu ikafa. Ukuta ukawa mtupu.

"Imekwisha?" Righa akauliza.

Wakangoja. Hata Daktari alingoja, mikono kifuani.

"Ni wingu," Wakio akasema. "Limefunika jua."

Wingu likapita. Polepole, polepole, kijani ikarudi. Bluu ikarudi. Mlima wote ukarudi ukutani, kimya kabisa, kana kwamba ndio kwanza unaumbwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Walitazama tu.

Jioni ile Wakio alikimbia kutoka shuleni mpaka nyumbani. Paa-paa-paa-paa! Alikimbilia chumbani kwa nyanya yake.

Nyanya alikuwa ameumia mguu. Kwa wiki tatu alikuwa amelala kitandani, hajatoka nje hata siku moja.

"Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu. Milima yangu haijambo?"

"Haijambo, Nyanya. Nitakuonyesha."

Wakio akachukua katoni, akaitoboa kwa msumari. Tok! Akaisimamisha dirishani. Mahali palipobaki wazi, akapaziba kwa blanketi.

"Sasa wanifungia jua?" Nyanya akauliza gizani.

"Subiri kidogo, Nyanya. Tazama ukutani. Macho yazoee."

Wakasubiri.

Kwanza palikuwa na weusi tu. Kisha doa la bluu, chini kabisa. Kisha mstari wa kijani. Kisha, polepole, milima. Milima yote ya Nyanya, kichwa chini, imemulikwa na jua la jioni. Migomba ilipepea. Mbuzi mweupe alipita. Mama alikuwa anapanda njia na mzigo wa kuni, mdogo kama sisimizi.

Nyanya akautafuta mkono wa Wakio, akaushika.

"Milima yangu," akasema mwishowe. "Imenifuata mpaka kitandani. Nani kaichora?"

"Mwanga, Nyanya. Unapita hapa kwenye tundu. Cha juu kinaenda chini. Cha chini kinaenda juu."

"Hebu nieleze tena."

Wakio akapanda kitandani, akaeleza tena. Nyanya akauliza swali. Wakio akajibu. Nyanya akauliza lingine. Hilo Wakio hakulijua, na wote wawili wakalifikiria.

Jua likazidi kushuka. Milima ikawa ya dhahabu. Ikawa ya zambarau. Ikawa kivuli. Ikaisha kabisa, taratibu, kama pumzi.

Mama alipoingia na kandili, chumba kilikuwa kimya. Nyanya alikuwa amelala. Wakio alikuwa amelala kando yake, uso umeelekea ukutani.

Mama akalishusha blanketi kutoka dirishani, akawafunika wote wawili.