Sindano, Breki na Mdahalo wa Kujitoa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alifagia kibanda cha mama yake. Kwanza aliburuta sumaku sakafuni, akaokota pini zilizodondoka jana yake. Kisha akazoa nyuzi na vipande vya vitambaa. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina la Sindano. Wengine walisema ni ulimi wake uliompa, na hao nao hawakukosea sana.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, na mwaka huo alikuwa amekasirikia nchi jirani nzima. Nchi hiyo haikumtukana. Ilishona mashati, basi. Yalivuka mpaka yamekunjwa vizuri ndani ya mifuko myembamba, yakauzwa sokoni rahisi kama karanga.

"Na ushuru hayalipi hata chembe!" alisema, huku mguu ukikanyaga cherehani kana kwamba unamkanyaga mtu.

"Ndio makubaliano ya jumuiya, dada," alijibu kinyozi wa kibanda cha pili. "Nchi zetu zilikubaliana kuuziana vitu bila ushuru. Nawe peleka mashati yako kule."

"Niyapeleke na nini? Kwa mgongo?"

Siku hizo nchi nzima ilibishana hivyo hivyo. Bunge lilikuwa karibu kuamua kama nchi ijitoe katika jumuiya ya biashara au ibaki. Watu walibishana redioni, wakabishana sokoni. Kwa kinyozi ndiko kulikowaka moto zaidi. Mteja mmoja alitoka na kichwa kilichonyolewa upande mmoja tu, kwa sababu yeye na kinyozi hawakuafikiana. Hilo alilisimulia kinyozi mwenyewe, na maneno ya kinyozi hupunguzwa kama nywele.

Shuleni, mwalimu wa uraia alisimama mbele ya darasa akiwa na chaki sikioni.

"Jumamosi tutakuwa na mdahalo. Hoja yetu ni kwamba nchi ijitoe katika jumuiya ya biashara. Mshindi atapanda jukwaani kwenye mkutano wa mji, aseme mbele ya mbunge."

Moyo wa Sindano uliruka. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama cha midahalo, na ndiye aliyepeleka ujumbe wa mwalimu kwa wenzake. Alijiona tayari jukwaani, na mama yake yuko mstari wa mbele akiwaambia watu, "Yule wangu."

"Sindano, utaunga mkono hoja," mwalimu akasema. "Atakayepinga ni Breki."

Sindano akahisi kama amemeza kifungo.

Breki alikuwa msichana aliyehamia shuleni mwaka huo. Baba yake alikuwa dereva wa lori lililovuka mpaka kila wiki. Wenzake walimwita Breki kwa sababu akiongea alisimama katikati ya sentensi, akafikiri, ndipo akaendelea, kama lori linalokaribia kona.

Basi kusimama huko ndiko kulikomkera Sindano. Yeye akinyamaza katikati ya maneno, darasa lilisema amesahau. Breki akinyamaza, mwalimu alisema, "Mnaona? Mwenzenu anafikiri kwanza." Paka wa shule, aliyekuwa hamjali mtu, alikwenda kulala miguuni mwa Breki. Hata sweta yake iliyofumuka kiwiko, Sindano aliiona imefumuka kwa madaha.

Mwalimu alikuwa na sheria yake ya mdahalo. Kabla hujampinga mwenzako, ilibidi useme kwanza yale aliyoyasema yeye. Kisha mwalimu alimwuliza mwenzako, "Ndivyo ulivyosema?" Asipokubali, unarudia.

"Mtu asiyejua mwenzake amesema nini," mwalimu alizoea kusema, "anabishana na ukuta, na ukuta haujawahi kushindwa."

Alhamisi mwalimu aliaga kwamba kesho yake hatakuwepo, ana mkutano. Jioni hiyo Sindano alimkuta Breki bombani akinawa miguu. Breki alikuwa akinong'ona hoja zake peke yake, na zilikuwa nzuri. Sindano alisikia mbili tu, akaona jukwaa lote linaondoka na yule mwenye sweta iliyofumuka.

"Breki," alisema. Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Mwalimu amebadilisha pande. Sasa wewe ndiye unayeunga mkono. Mimi napinga."

Breki akasimama na mguu mmoja hewani. "Leo hii?"

"Ameniambia nikwambie."

"Lakini mimi... upande huo siujui hata kidogo."

"Wala mimi wako siujui. Tutafanyaje? Amri ya mwalimu."

Breki akafikiri, kama kawaida yake. "Basi nitakwenda kumwuliza mama yako. Yeye ndiye anayeumizwa na yale mashati. Utakasirika?"

"Nikasirike kwa lipi?" Sindano akajibu, akitabasamu kwa meno bila macho.

Ijumaa alipotoka shule alipitia bombani kujaza ndoo. Alipofika kibandani alimkuta Breki amekaa kwenye kigoda chake yeye, akipokea vifungo, na mama anamweleza huku anacheka. Mama alimweleza habari za wasichana wawili aliokuwa akiwafundisha ushonaji, na jinsi alivyowaambia wakae nyumbani kwa kuwa kazi hakuna. Hayo hakuwahi kumwambia Sindano. Tuseme ukweli, Sindano naye hakuwahi kuuliza.

Breki alipoondoka, mama alikata uzi kwa meno akasema, "Mtoto yule ana masikio. Bila shaka kaja kuuliza upande wako ili aweze kuusema vizuri, kama mwalimu wenu anavyotaka. Wewe umekwenda kwao kuuliza wake?"

"Nina kazi nyingi, mama."

"Kazi gani? Ndoo umeitua hapo, inakutazama tu."

Jumamosi ukumbi wa shule ulijaa. Mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati na kinyozi walikaa mezani kuwa waamuzi. Kinyozi aliwekwa kwa sababu, kama alivyosema mwalimu, hakuna mtu mjini aliyesikiliza mabishano mengi kuliko yeye.

Sindano akaitwa kwanza, kuunga mkono hoja. Breki, aliyekuwa ameanza kuinuka, akaketi polepole. Alitazama karatasi yake, akamtazama Sindano. Sindano alitazama dari.

Alisema vizuri, hilo hatumnyimi. Alisema nchi inayojitoa itaweka ushuru wake yenyewe, itawalinda mafundi wake na haitaomba ruhusa kwa mtu. Alisema haraka, kwa sauti kubwa, na watu wakampigia makofi.

Kisha ikawa zamu ya Breki. Alikuja mbele, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Mwenzangu amesema..." akaanza, akasimama. Safari hii breki ilikuwa ya kweli. Watoto wa nyuma wakaanza kucheka. "Amesema kwamba kuna fundi mjini hapa aliyekuwa akishona sare. Hakumtaja, lakini namna alivyosema mafundi, mimi nimemwona. Fundi huyo alikuwa na wanafunzi wawili. Leo cherehani zao zimefunikwa shuka. Mashati ya nje si mabaya, ni mazuri. Ubaya ni kwamba yanakuja mengi kwa mara moja, na fundi ana mikono miwili tu. Anataka nchi yake ifunge mlango kidogo, apumue."

Sindano akamwona mama yake, kiti cha tatu kutoka mwisho, akijifuta macho kwa upindo wa nguo.

Mama hakuwa amejifuta macho wakati Sindano anasema. Alikuwa amepiga makofi tu.

"Sindano," mwalimu aliuliza, "ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo," Sindano akajibu.

"Haya, Breki. Sasa mpinge."

Hapo Breki akakwama. Hoja zake za zamani alikuwa ameziacha, na za upande mwingine hazikumfaa. "Mimi naona... mlango ukifungwa, unafungwa pande zote. Zipu za fundi, na uzi wake, vinakuja kwa lori la baba, navyo havilipi ushuru. Halafu lori halirudi tupu, linabeba vitunguu vyetu..." Akaipapasa karatasi mfukoni, akaiacha. "Nilikuwa na mengine. Samahani." Akaenda kukaa.

Sheria ilimtaka Sindano naye aseme alichosikia. Lakini macho yake yalikuwa bado kwenye ule upindo wa nguo ya mama, na hakusikia hata neno.

"Amesema... kuhusu malori," akasema.

Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. "Breki, ndivyo ulivyosema?"

Breki angeweza kukataa, na Sindano angeumbuka pale pale.

"Ndivyo, mwalimu. Sikusema mengi."

Waamuzi wakanong'onezana. Mwalimu mkuu akainuka. "Breki ameeleza upande wa mwenzake vizuri kuliko mtu yeyote tuliyemsikia. Lakini upande wake mwenyewe hakuuandaa. Mwanangu, ilikuwaje?"

"Nilichanganya pande," Breki akasema.

"Basi mshindi ni Sindano."

Makofi yakalipuka. Wenzake wakamsukuma mbele, mmoja akamvuta shati, mwingine akamwita mheshimiwa. Jukwaa la mji lilikuwa lake. Sindano akageuka amtazame Breki amekaaje baada ya kushindwa, ili furaha yake ikamilike. Breki alikuwa amekaa kimya, anavuta uzi wa sweta yake. Na Sindano akashangaa: bado alikuwa anamwonea wivu. Amempokonya upande wake, amempokonya ushindi, na bado kulikuwa na kitu kwa yule mtoto ambacho yeye hana. Hata wema nao amenizidi, akawaza, na machozi ya hasira yakamjaa.

"Mwalimu," akasema. Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti, kwani sauti anayo. "Mwalimu! Breki hakuchanganya pande. Nilimchanganya mimi. Nilimdanganya kwamba umezibadilisha."

Makofi yakafa moja moja, kama mvua inayokatika.

"Kwa nini?" mwalimu akauliza.

Angeweza kusema alikosea. Angeweza kusema ulikuwa mzaha. "Kwa sababu alikuwa mzuri kuliko mimi," akasema.

Kinyozi akavuta pumzi. "Nimenyoa miaka mingi, sijaona kichwa kilichojinyoa chenyewe."

"Nyamaza wewe," muuguzi akamwambia.

Mwalimu alifuta matokeo yale. Alimtoa Sindano katika uongozi wa chama kwa muhula mzima, na Breki ndiye akachaguliwa kwenda kwenye mkutano wa mji. Juu ya hayo, akamwagiza Sindano aende kwa akina Breki kila jioni mpaka siku ya mkutano, amsaidie mwenzake kujiandaa. "Na utakaponiletea upande wake," alisema, "nitamwuliza yeye kama ndivyo."

Jioni ya kwanza Sindano alikaa mlangoni kwa akina Breki kama mdaiwa. Aliomba msamaha akitazama ndala zake.

"Nilijua pale nilipoona umetazama dari," Breki akasema. "Nilikasirika sana. Bado nimekasirika kidogo." Akasimama, akafikiri. "Lakini kwa mama yako nilifurahi. Ingia, baba amerudi na safari ina mambo."

Dereva aliwaeleza foleni za mpakani zilivyokuwa kabla ya jumuiya, vitunguu vilivyoozea njiani vikisubiri mihuri, na wanawake wa upande wa pili wanaosubiri vitunguu hivyo kama mama yake Sindano anavyosubiri zipu. Sindano aliuliza, akauliza tena. Mara ya tatu alipoyarudia, Breki akatikisa kichwa. Mara ya nne akasema, "Ndivyo."

Siku ya mkutano wa mji Breki alisimama mbele ya mbunge, akaeleza kwanza wanaotaka kutoka wanaumizwa na nini, ndipo akaeleza kwa nini yeye anataka tubaki. Alisimama katikati ya sentensi mara nyingi, na ukumbi mzima ukamngoja. Sindano alipiga makofi. Mwanzoni mikono ilikuwa mizito, lakini mikono ni kama cherehani, ukiianzisha inaendelea.

Wakirudi nyumbani, mama alitembea kimya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Mama, bado umenikasirikia?"

"Nilikukasirikia. Sasa nakufikiria." Akamshika bega. "Sikia, mwanangu. Fundi akikaa anatazama mshono wa jirani, anajichoma kidole chake mwenyewe, na nguo ya mteja inapata doa. Wivu ndivyo ulivyo. Ulidhani unamziba Breki mdomo, kumbe unajiziba wewe masikio. Mwenzako akikuzidi, mkaribie ujue amekuzidije. Ukimvuta chini, mtakuwa wawili mliokaa chini. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema. Hilo nililipigia makofi peke yangu, sema hukuniona."

Sindano akajifuta pua. Hatua chache mbele akauliza, "Sasa wewe mama unataka nchi itoke au ibaki?"

Mama akacheka kidogo.

"Leo sijui. Wiki iliyopita nilijua kabisa, na wiki iliyopita nilikuwa sijamsikiliza mtu."