Doa la Mguu wa Kulia

Kila asubuhi seremala alimtolea mkewe baiskeli nje. Alibonyeza matairi kwa kidole gumba. Kisha alichukua kopo la mafuta, akaimiminia cheni mpaka ikang'aa nyeusi.

"Leo itakwenda yenyewe," alisema.

"Asante, baba watoto," mkewe alijibu, akapanda kwenda kazini.

Mkewe alikuwa mhudumu mpya katika kliniki ya watoto. Aliwapima watoto uzito, na kina mama walimpa jina la utani, Mizani. Mtoto akilia, alimwimbia mpaka anyamaze. Aliipenda kazi hiyo, lakini bado alikuwa katika kipindi cha majaribio.

Tatizo lilikuwa mguu wake wa kulia. Kila siku alifika na doa jeusi juu ya kifundo. Mara liko kwenye suruali nyeupe ya kazi, mara liko kwenye ngozi. Lilikuwa na alama za meno ya cheni, kana kwamba ameumwa na mnyama.

Ijumaa moja aliliona doa akiwa tayari mbele ya mizani. Akalifuta haraka kwa vidole. Papo hapo mama mmoja akamkabidhi mtoto. Alipomlaza, shali nyeupe ya mtoto ikabaki na alama za vidole vyeusi.

"Dada, shali hii ameifuma bibi yake," mama yule alisema kwa upole. Upole huo ulimuuma Mizani kuliko matusi.

"Nisamehe. Niachie niifue. Jumatatu nitakurudishia."

Mama yule alisita, kisha akampa.

Msimamizi alimwita Mizani pembeni. "Unawapenda watoto, nakuona. Lakini hapa tunawafundisha kina mama usafi. Jumatatu ukija na doa, nitakuhamishia stoo ukapange maboksi. Sipendi, ila nitafanya."

Jioni Mizani aliikokota baiskeli mpaka nyumbani. Hakutaka hata kuipanda. Uani alimkuta mumewe na Shangazi, dada wa baba mkwe wake. Shangazi alikuwa akiuza maziwa kwa baiskeli tangu ujana wake, tena akiwa amevaa koti jeupe.

"Mbona uso umeshuka hivyo, mwanangu?"

Mizani alisimulia yote. Seremala akaweka randa chini.

"Labda cheni ni kavu, ndiyo maana inamkwaruza," alisema. "Nitaongeza mafuta."

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe mtoto wa kaka yangu, unaitunza baiskeli au unaikaanga?"

"Shangazi, namtakia safari nyepesi tu."

"Najua. Haya, hebu iguse hiyo cheni."

Seremala aliigusa. Vidole vikatoka vyeusi tii.

"Mafuta gani haya?"

"Yametolewa kwenye injini ya gari. Nilipewa bure."

"Basi yalikuwa machafu kabla hayajafika hapa. Sikiliza, mwanangu. Mafuta yanayosaidia ni yale yaliyoingia ndani ya viungo vya cheni. Yanayobaki nje yanakamata vumbi tu, halafu yanampaka mkeo. Na kifuniko cha cheni kiko wapi?"

Seremala alitazama chini. "Kilikuwa kinapiga kelele. Nikakitoa asisumbuke."

"Nimeuliza kiko wapi."

"Ndicho ninachowekea misumari."

Mizani alicheka, mara ya kwanza siku hiyo.

Shangazi akamwambia aikokote baiskeli kuzunguka uani. Mizani aliishika, akaanza kutembea.

"Simama hapo hapo. Wewe unatumia mkono wa kushoto?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ndiyo maana unasimama upande wa kulia. Cheni nayo iko kulia. Ukipanda na kushuka, mguu wa kulia unaisugua. Hamia kushoto, na upandie na kushukia huko huko. Mwanzoni utaona tabu, kisha utazoea."

Kesho yake walifanya kazi pamoja, nje, mbali na jiko. Mizani alizungusha pedali taratibu kurudi nyuma. Seremala aliifuta cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Kitambaa kikawa cheusi, akachukua kingine, na kingine tena. Walipoikausha, Shangazi alitoa mafuta mepesi ya cherehani. Akatia tone moja moja kwenye kila kiungo.

"Subirini yaingie," alisema. Baadaye akasema, "Sasa futeni."

Seremala alishangaa. "Tufute mafuta tuliyotia sasa hivi?"

"Ya nje tu. Ya ndani yako kazini."

Seremala alikirudisha kifuniko. Chini ya skrubu aliweka kipande cha mpira, na kelele ikaisha. Kutoka kwenye tyubu kuukuu alikata utepe wa kufungia suruali mguu wa kulia. Uwe wa kubana kidogo, Shangazi alimwonya, si wa kuumiza.

Mizani alileta beseni la maji ili aloweke suruali na shali.

"Usiloweke kwanza," Shangazi alisema. "Paka sabuni ya maji ya vyombo juu ya doa likiwa kavu. Sugua polepole kwa mswaki wa zamani, halafu suuza. Likibaki, rudia. Na usipige pasi kabla halijatoka, maana joto litaligandisha. Likiwa kwenye ngozi, paka mafuta ya kupikia kidogo, kisha nawa kwa sabuni."

Jumatatu Mizani alifika kliniki. Alitaka kushukia kulia kama zamani. Akajizuia, akashukia kushoto. Alifungua utepe, akanawa mikono.

Msimamizi alikuwa mlangoni. "Geuka," alisema.

Mizani aligeuka. Msimamizi aliinama, akatazama mguu wa kulia kwa muda. Kisha akashusha pumzi.

"Afadhali. Hata mimi sikulala vizuri kwa sababu ya hiyo stoo. Nenda, wanakusubiri."

Mama mwenye shali alikuwa kwenye benchi la mbele. Aliipokea shali, akaigeuza huku na huku dirishani. Hakuona kitu. Akamfunika nayo mwanawe, akamweka mikononi mwa Mizani.

Jioni seremala alikuwa akimngoja mkewe nje. Alitazama mguu kabla ya uso.

"Nimebaki kwenye mizani," Mizani alisema.

Seremala aliichukua baiskeli, akaikokotea ndani, yeye akiwa upande wa kushoto. Lile kopo la mafuta bado lilikuwepo, hapo mlangoni, lakini lilikuwa limeoshwa. Sasa lilikuwa limejaa misumari.