Mke Wako, kwa Kijapani

"Mwalimu, labda nimeigeuza maana yake," Nasteha alisema, akimsogezea Mowlid simu.

Ilikuwa picha ya chakula aliyotumiwa asubuhi hiyo na mumewe, Abdihafid, kutoka Japani. Kando ya sahani kulikuwa na kadi, na mwishoni mwa maandishi ya kadi, kwa herufi rahisi za wanaoanza kujifunza, mtu alikuwa ameandika: anata no tsuma.

Mowlid, aliyewahi kuishi huko na sasa anafundisha Kijapani katika chumba cha kupanga mtaani Galbet, aliikuza picha kwa vidole.

"Hukuigeuza. Mwenye kitu hutangulia, halafu no, halafu kitu chenyewe."

"Anata ni wewe. Tsuma ni mke."

"Ndiyo."

"Mke wako."

Mowlid alimrudishia simu.

Nasteha na Abdihafid walifunga nikaha miaka mitatu nyuma, wiki mbili kabla ya mume kwenda Japani. Mume ndiye aliyemsihi mkewe ajifunze lugha, ili akimfuata asiwe bubu. Darasani hakuna aliyemfikia kwa bidii.

Nasteha alitoka nje, akampigia mumewe.

"Anata no tsuma ni nani?"

Abdihafid akaanza kueleza. Kazi ilikwisha, kibali cha kukaa kilikaribia kuisha, mwanamke mmoja akamhurumia. Ni ndoa ya karatasi tu.

"Mke wa karatasi anakuchagulia herufi unazoweza kusoma?"

Akarudia habari za kibali.

"Mimi nitakuja lini?"

"Sheria ya huku haikubali wake wawili, Nasteha."

"Basi niache."

"Siwezi, nakupenda. Nipe miaka mitano."

Nasteha alikata simu. Jioni akamwandikia: "Nipe talaka yangu. Sitaki kingine." Alama mbili zikawa bluu. Jibu halikuja siku hiyo, wala mwezi uliofuata.

Nyumbani hakumwambia mtu. Kila akijaribu, alimkuta mama yake akiwasimulia majirani habari za safari ya bintiye kwenda Japani, naye akarudi chumbani.

Alhamisi moja mama alirudi kutoka sokoni na sweta nene la mtumba.

"Nimeambiwa huko baridi inaua. Livae nione."

"Hooyo, mama yangu..."

"Livae, mwanangu."

Nasteha alilivaa, katika joto lile la Garissa, akalifunga vifungo hadi shingoni, akasimama mama yake apate kumtazama.