Chokaa ya Kulengea

Nilikwenda kwa shangazi kuomba chokaa tu. Jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima na baridi ilinichoma masikio, lakini sikuwa na namna. Mke wangu Dilbano alikuwa amejifungua na hainuki kitandani, damu imemwishia. Mganga wa zahanati alisema apate ini na supu, la sivyo tujiandae. Mbuzi wetu wa zizini walikuwa wamekufa wote kwa homa. Nilichobakiwa nacho ni bunduki ya marehemu baba, na mbuzi wa milimani wanaoshuka kulamba chumvi giza likianza kuingia.

Hapo ndipo nilipokwama. Mwishoni mwa mtutu kuna kinundu cha chuma, ndicho unacholengea. Mchana unakiona vizuri. Jioni kinapotea, cheusi ndani ya weusi, unabaki kubahatisha. Nilishakosa mara mbili. Nilijaribu kukipaka unga wa maji, ukabanduka kabla sijafika juu.

Shangazi Tajbibi alinicheka hadi akakohoa.

"Unga! Unakwenda kuwinda au kuoka mkate? Chokaa ndiyo yenyewe, mwanangu. Ikoroge na maziwa, ikikauka haitoki hata ukiikwangua."

"Maziwa gani, shangazi? Mbuzi wamekwisha. Nipake ya ng'ombe?"

"Astaghfirullah! Usirudie."

Alikuwa na haki ya kushtuka. Kwetu anayekwenda kuwinda hagusi chochote cha ng'ombe. Ukigusa, majini wenye milima wanawaficha mbuzi wao, unarudi mikono mitupu.

Akaniinamia. Pumzi yake ilinuka moshi wa mti wa mreteni.

"Nyumbani kwako maziwa yapo," alinong'ona. "Mtoto hayamalizi yote."

Niliona haya. Lakini nilifanya. Dilbano mwenyewe alikamulia matone kijikoni, akanitania kwa sauti yake ndogo: "Siku hizi bunduki nayo inanyonya? Haya, baba Sahila, mbeleko yake iko pale."

Chokaa ilishika. Kesho yake nilipojilaza nyuma ya mwamba, giza likishuka, kile kinundu kilionekana wazi. Cheupe. Nilimshukuru shangazi moyoni.

Kro... kro... Kokoto ziliporomoka.

Alikuja mmoja tu, jike, peke yake. Hakulamba chumvi. Alisimama akanitazama, nami nilimwona kila unywele, ingawa mkono wangu mwenyewe niliuona kwa taabu. Sikuhitaji hata kulenga. Weupe ule ulimwendea wenyewe.

Nikafyatua.

Nilipomgeuza nimchinje, kiganja changu kililowa. Kiwele kilikuwa kimejaa maziwa... ya moto. Mbuzi gani wa mlimani ana maziwa katikati ya baridi?

Halafu nikasikia bangili.

Wanawake walitoka kwenye mireteni, shali zimefunika nyuso. Hawakusalimu. Nyuma yao alikuwa Jamaluk, yule mwenye kinu cha maji ambaye watoto humzomea kwa kuwa hazungumzi na mtu. Alishika kisu. Alichinja, akachuna, akakata, hakuinua kichwa hata mara moja. Wanawake walipokea mapande yao. Mmoja akanisogelea, akaniwekea ini mkononi, limefungwa kitambaa.

"Chukua, mwanangu. Hilo lako."

Harufu ya moshi wa mreteni.

Nilikimbia. Mtu mwenye akili zake angelitupa njiani. Lakini nilikuwa nimetoka kutafuta ini, na ini nilikuwa nalo.

Dilbano alikula lote. Alifuta sufuria kwa mkate. Asubuhi niliamshwa na ufagio. Alikuwa amesimama, anafagia, mashavu yamepata rangi! Nililia kwa furaha, siwafichi.

"Nina nguvu, baba Sahila," alisema. "Ila maziwa yamekatika. Jana nilisikia mlio wa bunduki, kifua kikakauka palepale."

Furaha iliniishia mwilini kama maji yaliyomwagwa.

Hodi ikabishwa mlangoni. Jamaluk, unga mpaka kwenye nyusi. Alinivuta nje.

"Ini liko wapi?"

"Ini gani?"

"Usinichezee. Yule hakuwa mbuzi. Wanga wanaitoa roho ya mtu, wanaiswaga kama mnyama. Mimi wananikamata kila mara niwachinjie. Safari hii roho ilikuwa inawakimbia, wakataka bunduki. Na bunduki iliyopakwa maziwa yake haiwezi kumkosa."

Nilikumbuka kijiko cha Dilbano.

"Sikiliza," alinong'ona. "Wana sheria. Aliyeua lazima aondoke na kipande kimoja. Kikirudishwa kizima kabla ya jua kuzama, wanalazimika kumuunga upya. Nipe nikipeleke. Upesi!"

"Limeliwa."

"Na nani?"

Niligeuza uso mlangoni. Dilbano alikuwa amembeba mtoto, anamrusharusha, anacheka.

Jamaluk alijifunika macho kwa viganja vyake vyeupe.

"Atatembea siku chache," alisema. "Wote hutembea."

"Kwa nini yeye? Shangazi yangu alitaka nini kwake?"

"Usiniulize. Mimi nakata tu."

"Nani huyo nje?" Dilbano aliita. "Jamaluk? Leo umepata ulimi! Mkaribishe, baba Sahila, mbona unamgandisha mgeni? Leo nina nguvu, nawaokea mkate."

Mtoto alianza kulia njaa. Nikamkaribisha. Dilbano alitukatia mkate, akatumiminia chai, akalalamika kwamba tumenuna kama wakwe. Jamaluk alikula kila alichowekewa, kichwa chini, polepole, jinsi watu wanavyokula msibani.